Gari Limewekewa Injini Nyingine: Unailinganishaje na Ile ya Mwanzo?

Rafiki yangu alishusha injini ya cc 1,300 kwenye gari lake dogo, akafunga ya cc 1,500 ya ukoo uleule. Wiki ya kwanza alikuwa haambiliki. Gari linachanganya, mlima linaupanda bila kurudisha gia, na kila aliyepewa lifti alilazimika kusikiliza hadithi ya injini. Wiki ya tatu akaja na maneno mengine. Kwenye barabara kuu injini inalia, mafuta yanaisha upesi kuliko alivyotarajia, na kwenye foleni mshale wa joto unapanda hadi mahali ambapo hakuwahi kuuona. "Sasa niambie," akaniuliza, "nimenunua injini nzima au mbovu?"

Injini ilikuwa nzima. Kosa lake lilikuwa kuipima kwa jambo moja tu, ilivyomvuta siku ya kwanza.

Swali lake lina ndugu wengi. Hii na ile ipi bora? Ya cc ngapi haili mafuta? Nikiweka yenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa ya ziada, nitajuta? Majibu ambayo watu hupewa huwa ni namba za kwenye makaratasi, na namba hizo zilipimwa injini ikiwa ndani ya gari jingine, au ikiwa imefungwa kwenye mashine ya kupimia kiwandani bila gari lolote. Wewe utaiendesha ndani ya gari lako, na giaboksi yako, rejeta yako, matairi yako na foleni yako. Hapo ndipo watu wanapopishana: mmoja anazungumzia injini, mwenzake anazungumzia gari, na wote wawili wanaapa kuwa wana haki.

Kwanza, "kubadilisha injini" ni jina moja linalobeba kazi tatu tofauti. Kuna kutoa injini iliyochoka na kurudisha ya aina ileile. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na mara nyingi kinachobadilika ni namba ya injini tu. Kuna kuweka ndugu yake, kwa mfano kutoa Toyota 4A-FE ya cc 1,587 na kuweka 7A-FE ya cc 1,762. Kipenyo cha silinda kwenye injini hizo mbili ni kilekile, milimita 81. Kilichoongezwa ni mwendo wa pistoni kupanda na kushuka, kutoka milimita 77 hadi 85.5. Halafu kuna kuweka mgeni kabisa: V8 kwenye gari lililozaliwa na silinda nne, au dizeli mahali pa petroli. Na usidhani jina moja la kampuni linaondoa ugeni. Injini za Honda za ukoo wa B huzunguka upande mmoja, za ukoo wa K huzunguka upande wa pili, kwa hiyo anayetoa B na kuweka K hawezi kubaki na giaboksi ya zamani hata kama anaipenda vipi.

Kadiri mgeni anavyotoka mbali, ndivyo namba za kwenye karatasi zinavyopoteza maana.

Maneno matatu ya kuyashika

La kwanza ni cc. Hiyo ni nafasi ambayo pistoni zote kwa pamoja huifagia zinapopanda na kushuka. Chukua cc kama ukubwa wa kifua cha mtu: kifua kikubwa kinaweza kuvuta hewa nyingi, lakini hakikuambii kama mwenye kifua ni mkimbiaji au mchukuzi wa mizigo, wala kama ana afya.

La pili ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha. Aliyewahi kufungua nati ya tairi anaijua bila kufundishwa. Kwa spana fupi nati inagoma. Ukichomeka bomba kwenye mkono wa spana ukaurefusha, inaachia. Nguvu zako hazijaongezeka, ila msokoto umeongezeka. Hupimwa kwa newtonimita. Ukining'iniza uzito wa kilo 10 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita 1, nati inapata kama newtonimita 98.

La tatu ni nguvu ya farasi. Kipimo hiki kinatokana na James Watt, aliyetaka kuwaeleza wanunuzi wa injini za mvuke kazi ya mashine yake kwa lugha ya mnyama waliyemfahamu. Kwa hesabu ya kimetriki, farasi mmoja ni kuinua kilo 75 hadi mita 1 kwa kila sekunde, sawa na wati kama 735. Hapo kuna kitu ambacho msokoto hauna: muda. Farasi husema kazi inafanyika haraka kiasi gani.

Mwangalie mwendesha baiskeli. Anavyokandamiza pedali ndio msokoto. Miguu yake inavyozunguka mara ngapi kwa dakika ndiyo mizunguko ya injini. Ukizidisha hivyo viwili unapata farasi. Kwa injini ya gari hesabu ya haraka ni hii: chukua newtonimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7,000. Jibu litakuwa karibu sana na farasi wa wakati huo.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kuwa injini mbili zinaweza kufikisha farasi sawa kwa njia tofauti kabisa. Moja inakandamiza sana na kuzunguka taratibu, nyingine inakandamiza kidogo na kuzunguka kama kichaa. Kwenye karatasi ni mapacha. Kwenye foleni hazijuani.

Gari la kila siku linatumia nini hasa?

Kinyume na kelele zinazopigwa kuhusu farasi, gari dogo likitembea kilomita 60 kwa saa barabara tambarare linahitaji nguvu isiyofika ya farasi 10 kulisukuma. Kwa kilomita 100 kwa saa, ambapo upepo ndio adui mkuu, mahitaji ni kama farasi 15 hadi 20. Wengine wote uliowalipia wanasubiri uondoke kwenye taa, upande mlima na abiria, au uovateki lori.

Na unapowaita, unawaita ukiwa wapi? Tazama mshale wa mizunguko unapokwenda kazini. Muda mwingi utauona kati ya 1,500 na 3,500. Mtu anayeendesha kistaarabu anaweza kumaliza wiki nzima bila kufika 4,500. Sasa karatasi inakuambia injini ina farasi kadhaa kwenye mizunguko 6,400. Ni kweli anayo, ila ni kama akiba iliyo benki ambayo tawi lake hulipiti kamwe.

Mfano ninaoupenda ni Toyota 1JZ-GTE, kwa sababu ni injini moja iliyojilinganisha yenyewe. Ina silinda sita, cc 2,492, na turbo. Toleo lililotoka mwaka 1990 lilikuwa na turbo mbili ndogo, na lilitangazwa kuwa na farasi 280. Mwaka 1996 likaja toleo jipya lenye turbo moja na mfumo wa VVT-i, ule unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka kulingana na mwendo wa injini. Nalo likatangazwa farasi 280. Namba haikusogea, na sababu mojawapo ni kwamba watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya 280, makubaliano yaliyodumu hadi 2004.

Basi mtu anayesoma farasi peke yake atasema hizo ni kitu kimoja, anunue yoyote. Lakini soma mstari wa chini. Toleo la kwanza lilifika kilele cha msokoto, newtonimita 363, kwenye mizunguko 4,800. La pili lilifika newtonimita 378 kwenye mizunguko 2,400. Nusu ya mizunguko! Maana yake ni kwamba unapotoka kwenye foleni na mshale uko 2,400, injini ya pili tayari imefika kileleni wakati ya kwanza bado iko njiani inapanda. Kwa mtu wa mashindano, anayekaa juu ya 5,000 siku nzima, tofauti hiyo inaweza isimsumbue. Kwa anayepeleka watoto shule, ndiyo tofauti yote iliyopo.

Mfano huo pia unagusa imani moja kongwe, kwamba turbo ni ya mbio tu. Turbo ikiwa ndogo na inawahi kujaa ni rafiki wa mjini. Turbo kubwa, ile inayongoja mizunguko mingi ndipo iamke, ndiyo inayokufanya ukanyage mafuta, usubiri, ukanyage zaidi, kisha gari lirushwe mbele wakati aliye mbele yako ameshashika breki.

Kulinganisha mzee na kijana

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya bila kukusudia. Injini ya zamani ilikuwa imechoka: ringi za pistoni zimelika, plagi hazijabadilishwa, chujio la hewa limejaa vumbi. Ikatolewa. Ikaja nyingine, na pamoja nayo zikaja plagi mpya, oili mpya, chujio jipya, hata bomba la moshi lililozibuliwa. Gari likaruka. Mwenyewe anasema, "Injini hii ina nguvu kuliko ile." Huenda ile nayo ingeruka hivyohivyo kama ingefanyiwa hisani hiyo.

Kuna kipimo rahisi cha kujua injini imechoka kiasi gani, nacho ni mgandamizo wa silinda. Fundi anatoa plagi, anachomeka geji kwenye tundu, anazungusha injini kwa stata. Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 150 na 200. Muhimu zaidi ni silinda zilingane, tofauti isizidi kama asilimia 10 hadi 15. Ukiona 180, 175, 178 halafu 120, hiyo ya nne inavuja, na kila ulinganisho utakaoufanya na injini hiyo ni ulinganisho na mgonjwa. Mpime mzee kabla hajashuka. Mpime na kijana kabla hajapanda, kwa sababu injini iliyotumika kwingine haiji na cheti cha afya, na maneno kwamba "imetembea kidogo" hayajawahi kuongeza hata psi moja.

Giaboksi ndiyo inayosema

Turudi kwa rafiki yangu na injini inayolia barabara kuu. Alibadilisha injini, giaboksi akaiacha ileile ya cc 1,300. Hapo hakuna ubaya kwa kufunga, maana ndugu hushikana vizuri. Ila injini ndogo hupewa gia fupi ili iweze kuvuta. Ni kama baiskeli iliyowekwa gia ya mlima: inaondoka kwa wepesi, lakini ukifika tambarare miguu inazunguka mpaka unachoka.

Tufanye hesabu. Tairi la kawaida la inchi 15, kwa mfano 195/65, linapozunguka mara moja gari husogea karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa tairi huzunguka kama mara 837 kwa dakika. Tuseme gia ya juu ni 0.8 na difu, yaani gia ya mwisho kabla ya magurudumu, ni 4.1. Zidisha vyote: injini itazunguka kama mara 2,745 kwa dakika. Badilisha difu tu, weka ya 3.4, na mwendo uleule unapatikana kwa mizunguko kama 2,277. Injini haijaguswa hata nati moja, na tayari una karibu mizunguko 470 pungufu kila dakika: kelele kidogo, mafuta kidogo, ringi zinasugua kidogo.

Kwa hiyo ule wepesi aliousifu wiki ya kwanza na kelele aliyoilalamikia wiki ya tatu vilitoka kwenye chanzo kimoja. Gia fupi zilimpa mkono wa kulia na kumnyang'anya mkono wa kushoto. Anayelinganisha injini mbili kabla ya kuuliza ziko nyuma ya gia gani analinganisha vitu asivyovijua.

Mafuta: kwa nini hesabu zinadanganya

Njia ya kupima inajulikana: jaza tanki mpaka pampu ijifunge, tembea, jaza tena palepale, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kwa matanki matatu au manne, kwa sababu tanki moja linaweza kuangukia wiki ya foleni mbaya.

Tatizo ni kwamba baada ya kubadilisha injini, hasa ikija na giaboksi yake, kile kinachohesabu kilomita huenda hakisemi kweli tena. Kipima mwendo hupokea habari kutoka kwenye gia ndogo au sensa (kihisio) iliyo kwenye giaboksi. Giaboksi ikitoka kwenye gari lenye difu au matairi tofauti, dashibodi inahesabu kwa kanuni za gari lile. Tuseme dashibodi imeandika kilomita 400 na umejaza lita 32. Unatangaza kuwa gari linatembea kilomita 12.5 kwa lita. Ukiipima safari hiyohiyo kwa ramani ya simu unakuta ni kilomita 368. Ukweli ni kilomita 11.5 kwa lita. Kwa hiyo kabla ya kusifu au kulaumu, linganisha dashibodi na simu kwenye safari ndefu moja. Ubishi mwingi kuhusu ulaji wa mafuta ungekufa hapo.

Sasa ile imani kwamba cc nyingi ni mafuta mengi. Mjini kwa kawaida ni kweli, na inafaa kujua kwa nini. Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kubanwa koo: kuna kilango kwenye njia ya hewa, na usipokanyaga mafuta kinabaki karibu kufungwa. Jaribu kunyonya maji kwa mrija uliobinywa. Unatumia nguvu hata kabla hujapata funda moja. Injini kubwa inayofanya kazi ndogo inatumia muda mwingi ikinyonya hewa kupitia mrija uliobinywa, tena na pistoni kubwa zenye msuguano zaidi. Dizeli haidhibitiwi hivyo. Yenyewe hupunguziwa mafuta na kuachiwa hewa, na hiyo ni sababu moja inayoifanya iwe na adabu kwenye foleni. Lita moja ya dizeli pia ina nishati zaidi kuliko ya petroli kwa asilimia kati ya 10 na 15, jambo ambalo wanaolinganisha kilomita kwa lita hulisahau.

Lakini ibadilishe hali. Weka injini ndogo kwenye gari zito, lipakie watu watano, lipeleke milimani. Dereva atakanyaga mpaka chini safari nzima, na injini nyingi za petroli zikikanyagwa hivyo huongezewa mafuta kupita uwiano wa kawaida ili zisipate joto la kuziharibu. Hapo ile ndogo inaweza kula sawa na kubwa, au kuizidi. Swali la maana ni kama injini inafaa uzito wa gari na njia zake. Cc peke yake haijibu.

Joto halidanganyiki

Kati ya nishati yote iliyomo kwenye petroli, takribani theluthi moja huishia kwenye maji ya rejeta na kiasi kinachokaribiana na hicho hutoka na moshi. Kinachobaki ndicho kinachosukuma gari. Ukiongeza ukubwa wa injini, unaongeza pia joto linalotakiwa kutolewa, na rejeta iliyokuja na gari ilipimwa kwa injini ya kwanza.

Gari likiwa linakimbia hutaona kitu, upepo unafanya kazi bure. Kipimo kiko kwenye foleni, kiyoyozi kimewashwa, jua la mchana. Themostati, kile kilango kinachoyaachia maji ya injini yaende kwenye rejeta, nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, na mshale unatakiwa utulie muda mfupi baada ya hapo, usipande na kushuka kama mawimbi. Ukipanda taratibu kila unaposimama na kushuka kila unapotembea, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, wa pili ni rejeta ndogo. Yupo na wa tatu ambaye watu humsahau: hewa iliyonaswa kwenye njia za maji wakati wa kufunga. Mfumo ukijazwa maji bila kutolewa hewa, gari linachemsha na kila kitu ni kizima. Nimeona rejeta ikibadilishwa mara mbili kwa ajili ya povu la hewa lisilozidi kikombe kimoja.

Injini yenye nguvu zaidi ambayo huwezi kukaa nayo kwenye foleni ya nusu saa ni mbaya kuliko ile uliyoitoa. Hili silibishanii.

Waya, mtikisiko na uzito

Injini za sasa ni nusu chuma, nusu mazungumzo. Kompyuta yake inasubiri habari kutoka kwa sensa za hewa, joto, moshi, na wakati mwingine kutoka kwenye giaboksi ya otomatiki ambayo haipo tena kwa sababu umeweka gia za mkono. Isipozipata inawasha taa ya injini na kuendesha kwa kubahatisha, mara nyingi kwa mafuta mengi. Dalili rahisi ni sailensa, yaani injini inavyonguruma bila kukanyagwa. Washa kiyoyozi, washa taa, zungusha usukani mpaka mwisho. Injini iliyounganishwa vizuri inashuka kidogo kisha inajirudisha. Iliyounganishwa nusunusu inatetemeka au inazima.

Shika kioo cha nyuma wakati huo. Kikitetemeka mpaka picha ya gari lililo nyuma inakuwa mbili, tazama maunti, yaani vishikizo vinavyoifunga injini kwenye gari. Wapo mafundi wanaofunga maunti ngumu ili injini isicheze, na kwa gari la mashindano wako sawa. Kwa gari la kila siku utakuwa unakaa juu ya mashine ya kusaga.

Sauti nayo hudanganya. Bomba la moshi likikatwa, gari lilelile linaonekana limepata farasi wapya. Sikio haliwezi kuhesabu farasi.

Uzito wa mbele ukiongezeka, springi hushuka, matairi ya mbele hulika upande, na breki hupewa kazi ambayo hazikuahidiwa. Ukizoea kukimbia 100 mahali ulipokuwa unakimbia 80, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu inakua kwa mraba wa mwendo. Na katika nchi nyingi namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Usiporekebisha, mtu wa bima ana sababu nzuri ya kukukatalia siku ya ajali.

Jinsi ya kupima bila kubishana

Kipimo kinachofanana na maisha ni hiki: barabara tambarare na tupu, gia ya tatu, gari likiwa kilomita 40 kwa saa. Kanyaga mpaka chini, na abiria ahesabu sekunde hadi 80. Rudia ukielekea upande wa pili, kisha chukua wastani, maana upepo na mteremko usiouona huharibu hesabu. Kuanza kutoka sifuri kunapima klachi na ujasiri wa dereva kuliko injini. Kutoka 40 hadi 80 ndiyo ovateki yenyewe, na inasema ukweli kuhusu msokoto wa katikati. Kwa gari la otomatiki, lifungie gia kama linaruhusu. Kama haliruhusu, kubali kwamba unapima injini na giaboksi kwa pamoja.

Ongeza mlima mmoja unaoujua na mzigo unaoujua, uone unahitaji gia ya ngapi. Ongeza asubuhi moja ya baridi, injini ikiwa imelala usiku kucha: inawaka kwa mzunguko mmoja wa stata au inabembelezwa? Baada ya kilomita 1,000 chomoa kijiti cha oili uone kimeshuka kiasi gani. Na fanya vipimo hivi kabla ya kushusha injini ya zamani, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Kama umechelewa, tafuta mtu mwenye gari kama lako ambalo halijabadilishwa, muombe nusu saa.

Rafiki yangu tulimpima hivyo. Mshale wa joto ulikuwa hewa tu, ikatolewa. Kisha akatafuta giaboksi iliyozaliwa na ile cc 1,500. Baada ya kuifunga, gia ya tatu kutoka 40 hadi 80 ilichukua muda mrefu kidogo kuliko mwanzo, akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda safari ya mbali na mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu abadilishe injini waliweza kuzungumza njia nzima bila kupaza sauti. Kioo cha nyuma bado kinatetemeka. Kuna maunti moja ambayo hataki kuibadilisha, anasema ataizoea.